Nusu Fainali ya Ghorofa ya Sita

Habari za kifo cha Idrisa nilizipata kwa Bakari, kwa simu, asubuhi nikiwa napika chai. Jambo la pili aliloniambia, kabla hata ya kusema mazishi ni lini, ni kwamba sasa hana tena wa kubishana naye. Hakulia. Alisema kama mtu anayekuarifu kuwa duka la karibu limefungwa. Nikamwambia tutaonana Tanga kwenye khitma, nikakata simu, na chai ikachemka mpaka ikamwagika, kwa sababu mimi nilikuwa nimesharudi kwenye chumba kimoja cha ghorofa ya sita, mtaa wa Sanyuanli huko Guangzhou, China, ambacho kuta zake zilitoka jasho mwezi wa tatu na wa nne, na sufuria ya pilau ilikaa katikati ya mkeka.

Ulikuwa mwaka tisini na nane. Nilifikaje Guangzhou si habari ya sura hii. Yatosha kusema nilikuwa na digrii ya historia, sina kazi, na nilikuwa nimechoka kuambiwa nisubiri. Ofisi moja ya kusafirisha mizigo ilitaka mtu wa kukaa na wateja wa Kiswahili na kuandika alama kwenye maboksi: jina la mwenye mali, bandari, namba ya furushi. Kazi yenyewe niliimudu mapema. Kilichonikera ni kwamba watu wote niliowakuta pale waliamini mambo bila kuyauliza. Waliamini mzigo uliofungwa Jumanne hukawia bandarini. Waliamini laobani, yaani bosi mwenye duka, akikuwekea kiti na kukumiminia chai basi amekwisha kukupandishia bei. Mimi niliuliza kila kitu: umejuaje? Uliona au uliambiwa? Haukupita muda Bakari, mmoja wa wateja wetu, akaacha kuniita Rukia. Akawa ananiita Profesa, na hakukusudia heshima.

Nilipanga kwa Bi Zuhura, Mzanzibari wa makamo aliyekuwa akinunua mapazia na vyombo vya plastiki kwa ajili ya duka lake la nyumbani. Ijumaa alipika. Viungo alivifuata barabara ya Yide Lu, kwenye maduka ya vitu vikavu, na kila wiki alilalamika kwamba iliki yao ni kubwa kama kokwa na inanuka moshi, kisha kila wiki akaitia. Wanaume walitoka msikitini, wakapanda ngazi kwa kuwa lifti ilikuwa ya kubahatisha, wakavua viatu nje hadi korido ikawa kama duka la mitumba. Kitanda kilisukumwa ukutani, mkeka ukatandikwa. Mimi na Bi Zuhura tulikula na sahani zetu kwenye mlango wa jiko, mahali ambapo unaona kila kitu na huhitaji kusogea kumpisha mtu.

Baada ya kula, walicheza mpira. Nasema walicheza kwa sababu hilo ndilo neno walilolitumia wenyewe. Mwaka ule ulikuwa na Kombe la Dunia, na hilo nalo walilizungumza, lakini kama watu wanaozungumzia mvua. Kilichowapandisha sauti ni mashindano ya vyuo ya nyumbani, ya enzi za ujana wao. Utaratibu ulikuwa hivi: kanda nne, kila kanda inatoa bingwa wake, mabingwa wanne wanakutana kwenye nusu fainali, kisha fainali. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Lakini ilikuwa miaka ya uhaba wa mafuta na magari, na mara kwa mara kamati ilikaa mezani ikachagua timu mbili kati ya nne, zikasafirishwa, zikacheza fainali moja kwa moja. Mabingwa wawili waliobaki walisikiliza redio wakiwa kwao. Kwa hiyo misimu ilikuwa imejaa mechi ambazo hazikuchezwa, na wengi waliokaa kwenye mkeka wa Bi Zuhura walikuwa wamesoma kwenye vyuo vile kabla ya biashara kuwachukua. Ijumaa moja, msimu mmoja. Kila timu ilikuwa na mtetezi wake, mtetezi alileta hoja na mashahidi, kelele zikapigwa, na mwisho matokeo yakatangazwa, pamoja na majina ya wafungaji.

Mara ya kwanza kusikia nilidhani wanatania. Mara ya pili nikashindwa kunyamaza.

"Kaka Bakari," nikasema kutoka mlangoni, "mnawezaje kujua matokeo ya mechi ambayo haikuwapo?"

"Profesa, wewe umesoma nini chuoni?"

"Historia."

"Ulikuwapo kwenye hiyo historia?"

Wakacheka wote, na Papa Selestini akacheka mpaka akakohoa. Huyu alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mnunuzi wa viatu, Mkristo, ambaye alikuja kila Ijumaa kwa ajili ya pilau na hakuona sababu ya kulificha hilo. "Kwetu bantu banapiganaka juu ya siasa," akasema. "Nyie munapiganaka juu ya mpira yenye haikuchezwa. Ni vizuri. Hakuna mwenye anakufa."

Bi Zuhura ndiye aliyeitoa rai kwamba mimi niwe refa, kwa kuwa sikusoma kwenye chuo chochote kati ya vile na sikuwa na huruma na mtu. Yeye mwenyewe alikuwa ameweka sharti moja: anayeshindwa anaosha sufuria ya pilau, na kuikwangua ukoko wake ilikuwa kazi ya mwanamume hasa. Mimi nikaongeza sharti langu. Hakuna "niliambiwa". Shahidi aseme alichokiona kwa macho yake, na kila mtu awe msemaji wa miguu yake mwenyewe, asisemee ya mwenzake. Walilipokea kuliko nilivyotarajia. Ushahidi wa kusikia ukiletwa, mkeka mzima ulijibu "meiyou", lile neno la "hakuna" ambalo wenye maduka walitutupia kutwa nzima, na ilikuwa wazi kwamba kuna raha fulani katika kumtupia mtu mwingine.

Nikiyatazama leo, naona kosa lilianzia pale. Nilidhani masharti yangu yatauua mchezo. Yaliupa nguvu. Zamani matokeo yalisahaulika ifikapo Jumamosi. Sasa yalikuwa yamepita kwa refa msomi, na yakaanza kuhesabika. Katikati ya mwaka nilimsikia mtu akimweleza mgeni aliyetoka Dar es Salaam jinsi Chuo cha Ufundi kilivyotolewa na bao la kichwa dakika za mwisho. Lile bao nililitoa mimi, nikiwa nimeshika sahani, kwa kuwa shahidi alionyesha kwamba beki wao alikuwa mfupi. Mgeni alitikisa kichwa kwa masikitiko. Nikataka kusema kitu, na sikujua niseme nini ambacho ni kweli zaidi.

Idrisa hakuwahi kuosha sufuria, maana hakuwahi kucheza. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyekula taratibu na kukunja mikono ya shati mara moja tu, sawasawa, kama mtu ambaye bado anatarajia kuandika ubaoni. Alikuwa amesomea ualimu, akafundisha miaka kadhaa, akaacha. Pale Guangzhou alinunua vifaa vya shule, madaftari na kalamu, na mambo yake hayakuwa yanakwenda. Hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja. Alikuwa kipa wa Chuo cha Ualimu msimu ambao hawakufungwa hata mechi moja katika kanda yao. Kamati iliwaacha kwa sababu walikuwa mbali. Iliyochukuliwa ilikuwa Chuo cha Kilimo, ikatwaa kombe, na aliyekuwa akiipigia penalti ni Bakari. Hawa wawili walikutana mara ya kwanza Guangzhou, baada ya miaka mingi, wakawa marafiki wa kula sahani moja na kujaza kontena moja. Bakari alimwita Mwalimu. Idrisa alimwita Bwana Shamba. Na msimu ule haukuguswa.

Mimi jambo hilo liliniudhi. Nilimuuliza Idrisa mbele ya watu, Ijumaa moja ya mvua, kwa nini misimu yote ipimwe isipokuwa wake.

"Ule uacheni," akasema.

"Kwa nini, Kaka Idrisa?"

"Kwa sababu nimeomba, mdogo wangu."

Bakari, ambaye hakuwa na kawaida ya kuacha nafasi ya utani impite, alianza kuzungumzia bei ya mabegi. Baadaye, wengine walipokuwa wakivaa viatu, nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko nikipanga vikombe, na Idrisa aliingia upande wa pili kumshukuru Bi Zuhura kwa chakula. Hawakuniona.

"Usimkasirikie mtoto," Bi Zuhura akamwambia. "Kuuliza ndiko kulikomleta mjini."

"Sijakasirika, Bi Zuhura. Anauliza vizuri. Ualimu ulinishinda. Hii biashara nayo unaiona. Lile ni jambo moja ambalo bado sijashindwa. Nikilitia pale mkekani, Profesa atalipima, na atalipima sawasawa."

Sikutoka nyuma ya mlango mpaka niliposikia hatua zake kwenye ngazi.

Jumapili asubuhi vijana wa Kichina walicheza kwenye uwanja wa vumbi karibu na bustani yenye ziwa, na wafanyabiashara wetu walijiunga nao wakiwa na matumbo yao. Mimi nilikwenda kutazama, kwa kuwa chumbani hapakukalika na unyevu. Bakari alipewa penalti zote. Alikuwa na mtindo mmoja: alikimbia kwa kishindo, akatazama upande wa kushoto, kisha akaupiga mpira taratibu katikati, pale pale alipokuwa amesimama kipa, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshalala chini upande mmoja. Kila mara. Akacheka kila mara. "Hakuna kipa anayeweza kusimama," alitangaza kwa Kiswahili, kwa watu wasiokielewa. "Aibu haimruhusu." Idrisa alikuwa kando ya mstari na chupa ya maji, akitazama. Hakukaa golini hata siku moja mwaka ule.

Mwezi wa kumi na moja ilijulikana kwamba Idrisa anarudi nyumbani moja kwa moja, kabla ya Ramadhani. Shehena yake ya mwisho niliiwekea alama mimi mwenyewe, maboksi ya rula na chaki. Ijumaa yake ya mwisho Bi Zuhura alipika pilau ya mbuzi, nyama aliyoifuata kwa Waislamu wa Kichina jirani na msikiti, na akawa anaomba radhi kwa chumvi ingawa chumvi haikuwa na neno. Sahani zilipoondolewa, Idrisa akakunja mikono ya shati.

"Leo tucheze wangu," akasema. "Kilimo na Ualimu."

Bakari akamtazama. "Mwalimu, si lazima."

"Nitakaa Tanga nikifikiria mtaucheza mimi sipo. Afadhali niwepo." Kisha akanigeukia mlangoni. "Refa. Pima kama unavyowapimia wengine. Nikijua umenionea huruma, sitakusamehe."

Nilimwambia sitamwonea. Na nilikuwa namaanisha, jambo ambalo leo linanitisha kidogo.

Mabishano yalikwenda mpaka chai ya pili. Bakari aliitetea Kilimo, mwanzoni kwa ulegevu, kama mtu anayevuta mlango ambao hataki ufunguke, mpaka Idrisa akamwambia, "Bwana Shamba, cheza, usinidharau," na hapo akacheza kweli. Alieleza viungo wao wawili waliokulia uwanja mmoja. Alieleza winga aliyekimbia kama kafukuzwa na nyuki. Idrisa alileta mabeki wake mmoja mmoja, tabia zao, mguu wanaoupendelea, na alipofika kwenye udhaifu wa timu yake hakuuruka: mshambuliaji wao aliumia goti kwenye mechi ya mwisho ya kanda na angecheza akichechemea. "Hilo ungeweza kuliacha," Papa Selestini akamwambia. "Hatukulijua."

"Yeye angeuliza," Idrisa akajibu, na kidevu chake kikanielekea.

Niliwapa sare. Bao moja kwa moja. Winga wa Kilimo alifunga mapema, Ualimu wakasawazisha kwa mpira wa kona, kwa kuwa mabeki wao walikuwa warefu na Bakari mwenyewe alikiri kwamba kona ziliwatesa. Mkeka wote ulikubali. Penalti tukazijadili moja moja, nani alikuwa mpigaji na nani mwoga, hadi ikabaki moja. Ualimu wamefunga nne, Kilimo wamefunga tatu, na wa mwisho kupiga ni Bakari. Akifunga, wanaendelea. Akikosa, Kilimo haiingii fainali, na msimu wa Idrisa unabaki mzima.

Hapo hoja ziliisha. Hakuna shahidi wa mpira ambao mpigaji na kipa wapo wote wawili na haujapigwa. Nikasema kila mmoja aje aninong'oneze: kipa angeruka wapi, mpigaji angepiga wapi. Kisha nitatangaza nilichosikia, basi.

Idrisa alikuja kwanza. Aliinama, akinukia karafuu na sabuni. "Ningeruka kulia kwangu," akaninong'oneza. "Na ujue kwamba najua. Bwana Shamba hupiga katikati, nimemwona mwaka mzima. Lakini wakati ule nilikuwa kijana, na kijana hawezi kusimama tu. Ningeruka kulia, na angenifunga."

Akarudi akaketi. Uso wake ulikuwa mtulivu. Alikuwa ameupoteza msimu wake mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa sababu nilikuwa nimewafundisha watu wale kusema walichokiona.

Bakari akaja. Aliinama karibu na sikio langu, nikasikia anavyopumua.

"Kule kule alikotaja yeye," akasema.

"Kaka Bakari, taja upande."

"Nimetaja. Miguu si yangu? Wewe mwenyewe uliweka sharti."

Nilisimama katikati ya chumba. Wakati ule nilikuwa mtu wa kujivunia kwamba sijawahi kutamka jambo ambalo siwezi kulithibitisha, na sasa nilikuwa na kauli mbili, zote za mdomoni mwa wenyewe, na zilikuwa zinavutana. Nililijua jibu ambalo kila mtu aliyewahi kusimama kando ya ule uwanja wa vumbi angelitoa. Lakini sharti lilikuwa langu, na lilisema kila mtu ni msemaji wa miguu yake.

"Bakari amepiga kulia kwa kipa," nikasema. "Kipa amerukia kulia. Amedaka. Ualimu nne, Kilimo tatu."

Kelele zilizuka mpaka jirani akagonga ukuta. Papa Selestini alimkumbatia Idrisa kwa mikono yote miwili. Idrisa hakuinuka. Alikuwa anamtazama Bakari, na Bakari alikuwa anatafuta kitu kwenye mfuko wa shati ambacho kwa hakika hakikuwamo.

"Umepiga wapi, Bwana Shamba?"

"Umemsikia refa."

Idrisa akatikisa kichwa polepole. Kisha akainuka, akashika masikio ya sufuria, akapita katikati yetu kuelekea jikoni.

"Aliyeshinda haoshi," Bi Zuhura akamwambia.

"Leo anaosha."

Tulimsikia akikwangua ukoko kwa kijiko, kwa muda mrefu. Jioni ile, wageni walipoondoka, nilimwambia Bi Zuhura kwamba tumeharibu. Nilikuwa nimekasirika kwelikweli. Nikasema Bakari amechezea ushahidi, na mimi nimetangaza jambo ambalo watu wawili wanaolihusu wanajua si hivyo.

"Kwa hiyo nani kadanganywa?" akaniuliza, akifunga mfuko wa iliki.

Nilifikiri jibu. Nilidhani litakuja nikilala, au nikifika kazini, na kwa miaka mingi nilikuwa nikilikumbuka lile swali ninapokuwa nasubiri mahali. Niliondoka Guangzhou mwaka uliofuata. Nimeendelea kuuliza watu wamejuaje, na nimewachosha wengi, wakiwamo niliowapenda.

Khitma ilisomwa nyumbani kwa Idrisa, nyumba ya kawaida yenye ua mpana nyuma. Wageni walipopungua, mimi na Bakari tulikaa uani kwenye viti vya plastiki na sahani zetu. Amezeeka, amepungua mwili, mguu mmoja anauburuta. Aliniita Profesa. Hatukuzungumza mengi kabla hajauliza.

"Yule bwana alikuambia angeruka wapi?"

Nikamweleza yote: kulia, na kwamba alijua Bakari angepiga katikati, na kwamba angefungwa. Bakari aliacha kula. Akautazama wali wake.

"Alijua," akasema.

"Kabla hata wewe hujaja sikioni kwangu."

"Na alivyoosha ile sufuria." Akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa kiganja, bila haraka.

Binti wa Idrisa, Mwanaisha, alitujia na jagi la maji. Ni mwanasheria, na alikuwa na namna ya kusimama ambayo niliitambua. Alisema baba yake hakuwa msimuliaji, ila kisa kimoja alikirudia kwao tangu wadogo, jinsi alivyodaka penalti ya Mzee Bakari kwenye nusu fainali ya vyuo. "Nilipokua nilitafuta," akasema. "Nikawauliza waliosoma naye. Wanasema mwaka ule hakukuwa na nusu fainali. Sitaki kumvunjia baba heshima, shangazi. Nataka kujua tu. Ilichezwa kweli?"

Bakari alinitazama, akiniachia mimi.

"Ilichezwa," nikasema. "Ilichezwa Guangzhou, siku ya Ijumaa, baada ya chakula. Mimi ndiye niliyekuwa refa."

Mwanaisha akamgeukia Bakari, kama anayemwita shahidi wa pili.

"Nilipiga kulia kwake," Bakari akasema. "Akadaka."

Kisha akajiinua kwenye kiti, ikamchukua muda kwa sababu ya mguu, akakusanya sahani yangu na yake, akamuuliza binti wa Idrisa pa kuoshea ni wapi.